Theluji ya Paa la Chini

NORMAND: Haloo? Nani mwenzangu?

GHYSLAINE: Mimi, kaka. Namba mpya hii.

NORMAND: Ghyslaine! Wewe mtoto, nimekupigia wiki nzima—

GHYSLAINE: Waandishi wa habari hawakuniacha nipumue. Hujambo?

NORMAND: Sijambo. Nimeegesha lori njiani, mtandao wa kuokoteza, na chaji imebaki kiduchu. Enhe, chuo cha Vancouver umewajibu? Si mwisho leo?

GHYSLAINE: Leo saa kumi na moja.

NORMAND: Sasa unangoja nini? Shahada ya uzamili ya uhandisi, Septemba unaanza, ada wamekulipia. Tena huko ni mvua tu, theluji mpaka ukaitafute mlimani.

GHYSLAINE: Ndiyo maana niliomba.

NORMAND: Basi si—

GHYSLAINE: Quebec nao wamenipa nafasi. Januari. Wanachunguza uzito wa theluji juu ya mapaa.

NORMAND: Una wazimu wewe. Paa limemwua mlinzi wa uwanja Februari, hii Aprili tu, unataka kusomea theluji?

GHYSLAINE: Namsikia, Normand.

NORMAND: Nani?

GHYSLAINE: Mzee Doucet. Nikikaa tu kupiga hesabu, nasikia rundo la funguo zake linakuja koridoni. Nageuka, hakuna mtu.

NORMAND: (anashusha pumzi) Alikuwa akitufungulia mlango wa nyuma wa uwanja wa barafu, tuteleze bure... Lakini tume ya uchunguzi si imeshasema? Theluji ilizidi kipimo. Na aliyetia sahihi michoro ni bosi wako. Wewe ulikuwa—

GHYSLAINE: Hesabu zilikuwa zangu.

NORMAND: —mwanagenzi tu!

GHYSLAINE: Nisikilize. Vile vyumba vipya vya kuvalia vilijengwa vikiegemea ukuta wa uwanja wa zamani. Upepo unafagia theluji ya paa la juu la uwanja, unaimwaga paa la chini la vyumba, inarundikana pale ukutani. Kila mhandisi wa huku anajua. Mimi nikapiga hesabu kana kwamba imetua sawasawa, kama unga kwenye sinia.

NORMAND: (mtandao unakwaruza) Rudia— Sema hukusahau.

GHYSLAINE: Nilisahau.

NORMAND: Tume wanajua?

GHYSLAINE: Walipewa michoro ya mwisho. Kurasa zangu za hesabu hazikuwamo.

NORMAND: Basi funga mdomo! Nenda Vancouver! Ukisema, watakuvua hiyo pete ya chuma ya wahandisi, hutagusa mchoro tena maishani. Na Quebec nako watakufutia nafasi, utabaki huna huku wala kule.

GHYSLAINE: Pete nimeivua tangu mazishi. Siku ya kiapo tulivishwa kidole cha mwisho cha mkono wa kuandikia ili ikwaruze karatasi tukiandika, ituzindue. Imekwaruza hesabu ile yote, kaka. Sikuzinduka.

NORMAND: Sasa?

GHYSLAINE: Quebec wanataka barua: kwa nini theluji. Mara nne nimeandika uongo mtamu.

NORMAND: Na ya tano?

GHYSLAINE: Ya tano ni kweli tupu. Nimeituma saa sita mchana. Nakala kwa tume.

NORMAND: Mungu wangu, Ghyslaine!

GHYSLAINE: Naogopa.

NORMAND: Ngoja, chaji inakata— Nigeuze lori nije?

GHYSLAINE: Usije kwangu. Mama yuko kwa mjane wa Doucet, kampelekea supu. Wahi, uwaambie kabla hawajasikia redioni.

NORMAND: Wote wawili? Mimi niwaambie nini—

GHYSLAINE: Kwamba ni mimi. Haya, nenda. Kwaheri, kaka, nenda—