Anakokaa Kanali

Kijiwe chenyewe ni benchi la mbao mbele ya duka la mashine za kufulia nguo. Liliwekwa kwa ajili ya wateja wanaosubiri nguo zikauke, lakini wateja walishalikatia tamaa, maana limeshikwa na wanaume wanne ambao hakuna aliyewahi kuwaona na hata soksi moja ya kufua. Leo ni sikukuu. Yaani ni sikukuu huko kwao. Mtaa huu wa ugenini hauna habari. Gari la taka limepita kama kawaida, watu wanakimbilia kazini wamejikunyata kwa baridi, na hakuna anayewatupia jicho. Mwaka wa saba huu sikukuu wanailia hapa, na mkuu wa sherehe ni Kanali, mlinzi wa ghala, aliyepata cheo hicho kwa sababu ya sare yake na kwa sababu hajui kuomba, anajua kuamuru tu. Yeye ndiye hufika kwanza, akafuta benchi, akatandika shuka jeupe, kisha akaamuru kila mtu apige simu kwao kwa spika, mama wa mmoja asalimiwe na wote. Leo imetimu saa nne, benchi halijafutwa, na Kanali hayupo.

— Amelala tu, alisema Dereva, msambazaji wa vifurushi, huku akimimina kahawa kutoka kwenye chupa. Mtu aliyekesha ghalani hata umpigie ngoma sikioni haamki.

— Kanali alale siku ya sikukuu? alidakia Profesa. Wewe hujasoma saikolojia.

— Na wewe umeisomea wapi? Kwenye masufuria?

Profesa huosha vyombo hotelini. Uprofesa alipewa hapo hapo benchini, kwa kuwa hakuna jambo chini ya jua asilolipatia kanuni.

— Kanuni ni moja. Mwanamume akipotea bila sababu, sababu ni mwanamke. Hamkumuona wiki iliyopita kanyoa ndevu?

— Nilimnyoa mimi, alisema Kinyozi. Hakuniambia habari za mwanamke.

— Angekuambia vipi, na wembe uko shingoni?

Wakacheka. Kinyozi naye alicheka, ila kicheko chake kilikatikia njiani. Alikuwa na jambo moyoni, na tangu asubuhi lilikuwa halimpi raha.

Alhamisi ile ya kunyolewa, Kanali akiwa kitini na povu kidevuni, alikohoa mpaka wembe ikabidi usubiri. Halafu akamtazama Kinyozi kupitia kioo, akasema kwa sauti ya chini ambayo si yake: "Jumapili njoo kwangu tukae." Maneno hayo hayakuwahi kutamkwa na mtu yeyote wa benchi lile. Hapa watu huulizana habari za kazi, za goti, za mama, za mpira. Habari za unakokaa hakuna anayeuliza, ili naye asiulizwe. Na mwaliko hurudishwa. Kinyozi alifikiri haraka atamrudishia wapi, akaona aibu, akajibu kwamba Jumapili ana wateja wengi. Jumapili saluni hufungwa, na Kanali anajua. "Sawa," alisema Kanali, akafuta povu mwenyewe. Tangu hiyo Jumapili simu yake imezimwa.

— Hebu mpigie tena, alisema Kinyozi.

— Nimempigia mara sita. Imezimwa, alisema Dereva. Jamani, mimi nimeshajua. Huyu kaenda nyumbani!

— Nyumbani bila kuaga?

— Angeaga, si tungempa mizigo? Wewe peke yako ungempa masanduku mawili. Kakata tiketi kimyakimya, akapanda ndege. Saa hizi kajinyoosha kwa mama yake, anabembelezwa aongeze sahani ya tatu, anasema nimeshiba mama, nimeshiba.

Hilo liliwachoma wote. Kila mmoja alijiona yeye ndiye aliyejinyoosha.

— Haiwezekani, alisema Profesa kwa ukali. Karatasi zake hazimruhusu kutoka akarudi.

— Basi labda amepata pasipoti ya huku.

— Hapo umesema! Kapata pasipoti. Na mtu akipata pasipoti ya huku hubadilika damu. Ni kanuni. Inaanza damu, inafuata lugha, mwisho nyayo.

— Nyayo?

— Nyayo, bwana. Hazikanyagi tena pa zamani. Hata akitaka kuja hapa miguu inampeleka kwingine.

— Wewe nawe, sabuni ya vyombo imekupanda kichwani, alisema Dereva. Sikilizeni. Kuna kitu kimekuwa kikinisumbua siku nyingi. Mtu gani anajua hali ya mama wa kila mtu? Wangu presha, wako macho, wa Kinyozi nyonga. Anauliza, anakumbuka. Kwa nini?

— Kwa nini?

— Alikuwa anaandika! Katumwa. Miaka saba tunapigishwa simu kwa spika, tunadhani ni mapenzi.

— Ni zaidi ya hapo, alinong'ona Profesa, akasogea karibu. Kanali ni kanali kweli. Wa jeshi. Alipindua serikali mahali fulani, wakampindua na yeye, akajificha kwenye ghala. Sasa wamekuja kumchukua akatawale.

— Na kikohozi? aliuliza Kinyozi.

— Kikohozi gani?

— Alikuwa anakohoa.

— Watawala wote wanakohoa, alisema Profesa. Ni hotuba.

Kabla Kinyozi hajajibu, simu yake ililia. Ni mama. Kila mwaka Kinyozi na wenzake ndio humpigia. Leo amechoka kungoja, kapiga mwenyewe. Kwa mazoea, Kinyozi akaweka spika, na wenzake wakainama kusalimia.

— Shikamoo mama! walisema kwa pamoja.

— Marahaba wanangu. Sikukuu njema. Mmekula?

— Tunakula, mama.

— Mbona simsikii Kanali? Mwaka jana ndiye aliyeanza kunisalimia.

Dereva alitazama barabarani. Profesa alifunga kifuniko cha chupa, akakifungua, akakifunga tena.

— Yupo, mama, alisema Kinyozi. Yuko hapa pembeni yangu.

— Mpe simu.

— Mdomo umejaa, mama. Anatafuna.

— Basi amalize, nangoja.

Walingoja. Kinyozi alijua kwamba akisema neno la kweli sauti itamkatika, na mama huyo hajakosea hata siku moja kusoma sauti yake.

— Anakupungia mkono, mama. Mtandao unakatika. Nitakupigia.

Akaizima. Akaitia mfukoni.

— Umemdanganya mama, alisema Dereva.

— Ningemwambia nini? Kwamba kaenda kutawala?

Na hapo ndipo alipotokea mke wa Dereva. Ana siku tisa tu tangu ashuke kwenye ndege, koti alilovaa ni la mumewe, na mikononi kabeba hotipoti mbili zilizofungwa kwenye kanga. Alikuwa ameambiwa kwamba sikukuu inaliwa na marafiki. Hakuambiwa kwamba inaliwa barabarani.

— Sikukuu njema, shemeji zangu.

— Na kwako pia, shemeji. Karibu, karibu ukae.

Hakuuliza habari za benchi. Alifungua kanga, akapakua, na harufu ya chakula cha moto ikawafanya wanaume wale watatu wawe wapole ghafla. Sahani ya kwanza kwa Profesa, ya pili kwa Kinyozi, ya tatu kwa mumewe. Ya nne akaijaza kuliko zote, akabaki ameishika.

— Na huyu Kanali anayesifiwa kila siku, yuko wapi?

— Hajaja, mke wangu.

— Anaumwa?

Walitazamana.

— Labda, alisema Kinyozi.

— Kama ni labda, si mtu anakwenda kumtazama? alisema, huku akifunika sahani kwa nyingine. Nyie kuleni, isipoe. Mimi nitampelekea, mume wangu atanisindikiza. Anakaa wapi?

Ndani ya duka mashine zilikuwa zinazunguka. Dereva alimtazama Profesa.

— Upande wa reli, alisema Profesa. Nadhani.

— Nyumba gani?

— Huko kuna... kuna majengo mengi, shemeji.

— Mume wangu, wewe si unapeleka mizigo mji mzima? Kwa Kanali hujawahi kufika?

— Hakuwahi kuagiza mzigo.

— Basi kazini kwake.

— Kampuni yao inawahamisha kila mwezi. Leo ghala hili, kesho lile.

— Mmeuliza polisi? Hospitali?

— Tuseme kapotea nani? alisema Profesa, na ile sauti yake ya kanuni haikuwepo. Tuseme tunamtafuta Kanali?

Yule mwanamke aliwatazama mmoja mmoja. Hakuwa na hasira. Alikuwa anajaribu kuelewa, na hilo ndilo lililowaumiza.

— Miaka saba?

— Shemeji, alisema Kinyozi, kosa ni langu. Alinialika. Alhamisi alikaa kitini kwangu akaniambia Jumapili njoo kwangu. Nikamwambia nina kazi. Sikuwa na kazi. Ningekwenda, leo ningekuonyesha mlango wake.

Dereva aliweka sahani chini.

— Kwa nini hukwenda?

Kinyozi alimtazama tu, na Dereva akayashusha macho, kwa sababu yeye mwenyewe asingekwenda.

— Mimi nilipofika, alisema mke wa Dereva taratibu, nilikuta chumba si kile cha kwenye picha. Nililia kidogo, usiku, nikanyamaza. Chumba ni chumba. Lakini mlango angalau mtu aujue.

— Mke wangu, si hapa.

— Basi wapi? Shemeji Profesa, wewe unakaa wapi?

— Kwangu kuna ukarabati, alisema Profesa haraka.

— Sikuulizi hali yake. Nakuuliza ni wapi.

Profesa alikodolea macho chakula chake. Chozi lilimdondoka, akalipangusa kwa mkono wa koti, akasingizia mvuke.

— Na wewe, shemeji Kinyozi?

Kinyozi alisimama. Aliona akikaa hatasema.

— Nyuma ya duka la matairi, alisema. Ngazi za kushuka, si za kupanda. Mlango wa mwisho, hauna namba, kengele haifanyi kazi, mgonge kwa nguvu. Kitanda ni cha zamu. Usiku nalala mimi, asubuhi anaingia mwoka mikate, hata sura yake siijui vizuri. Siku nisipoonekana hapa mje. Mkimkuta yeye, muulizeni godoro alilikuta na joto au lilikuwa baridi.