Firigisi ya Fenesi

Mfupa ulipanda kutoka chunguni umekaa juu ya upawa kama bibi harusi kitini, na aliyeshika upawa ni mimi. Mbele yangu palikuwa na sahani ya Joram, karani wa kiwanda cha chumvi huko Gongoni, mtu ambaye yeye na nyumba yake nzima hawali nyama kwa imani ya kanisa lao. Sahani ile ilikuwa ya pili. Ya kwanza alikwisha kuimaliza, akisema hajapata kula maharagwe matamu namna ile tangu ashuke pwani. Binti yake, Hannah, ndiye mwanangu Baya anayetaka kumwoa. Mke wangu Kadzo aliyapika maharagwe kwa tui na chumvi tu, kisha akaenda chumbani kubadili leso, na huko nyuma mimi nikaingiwa na aibu. Wakwe waje kwangu mara ya kwanza niwape maharagwe matupu, kama wafungwa? Nikatumbukiza mfupa wa mguu wa ng'ombe. Si wa kuliwa, wa kuyapa nguvu tu, nikinuia kuutoa kabla hawajakaa. Nikasahau. Joram aliutazama mfupa, akanitazama mimi. Nikasema bila shaka ni paka. Akaniuliza, kwa upole wa karani, ni paka gani huyo anayeleta mifupa jikoni badala ya kuiiba.

Hawakungoja chai. Ulikuwa mwaka wa themanini na sita, watu bado wanaukumbuka ule unga wa manjano wa wakati wa njaa, na mimi nimetoa mfupa mzima, wenye uboho ndani, nikaishia kutazamwa kama mlozi. Baya alirudi kutoka kuwasindikiza macho yamemwiva, akanipa ujumbe. Watakuja tena Jumapili, kwa sababu Hannah amewalilia. Ila wakikuta kitu chochote cha mnyama chunguni, posa imekufa na isifufuliwe. Kadzo aliuchukua upawa akauficha. Nami nikaapa kwamba Jumapili nitapika mwenyewe, niwaandalie karamu isiyo na nyama lakini yenye heshima zote za nyama, mpaka Joram aione aibu ya kuondoka bila chai.

Namna ya kuifanya sikuijua, kwa hiyo nikaipeleka kesi kijiweni.

Benchi letu liko Shella, ubavuni mwa duka la kukodisha baiskeli, mahali ambapo kivuli hufika alasiri kikakaa mpaka magharibi. Mwenye kahawa ni Mzee Kombe. Tunamwita Jaji, na hahukumu kwa maneno: ukisema upuuzi wa kutosha, anakunyang'anya kikombe, kesi imekwisha. Dena ni mchinjaji, jina lake la pale ni Kisu, na huja na aproni yake jinsi ilivyotoka kazini, hata inzi humsalimia kwa jina. Thuku alishuka kutoka bara kuuza viazi na mboga sokoni, akaoa hapa, akanenepa hapa, na bado tunamwita Bara. Mimi ni Kapteni, kwa kuwa nimezunguka dunia melini: Bombei, Jidda, Marsei. Ukweli ni kwamba miji yote hiyo niliionea kwenye kidirisha cha jikoni, kisu mkono mmoja, kiazi mkono wa pili.

Niliwasimulia habari ya mfupa. Dena alicheka mpaka kahawa ikamtokea puani. Alipopata pumzi akauliza:

— Sasa hao wanakula nini?

— Mimea.

— Mimea ni chakula cha ng'ombe, Kapteni. Ng'ombe anakula mimea, mimi namla ng'ombe. Mkweo ameamua kumruka ng'ombe, aende moja kwa moja. Huko ni kukosa subira.

Kisha akaanza kunitafutia njia. Akashuka ngazi yote ya viumbe, kuanzia mbuzi, akaja kwa kuku, samaki na kamba, na kila aliponiona natikisa kichwa alishuka chini zaidi, mpaka akafika kwa kumbikumbi, akataka kujua kama kanisa la Joram linawahesabu kuwa wanyama au wadudu. Kombe akanyoosha mkono akachukua kikombe chake. Dena alikuwa wa kwanza kuhukumiwa siku hiyo.

Thuku yeye hakukubali hata kwamba mtu wa namna hiyo yupo. Alisema amezaliwa bara, amekulia bara, na huko kwao hakuna neno zito linalosemwa kabla mbuzi hajatangulia. Mkwe asiyekula mbuzi utaongea naye kupitia wapi? Lakini alipokumbuka kwamba mwenye genge la mboga ni yeye, imani yake ikaanza kulegea. Akasema, hata hivyo, biringani likikatwa nene, likatiwa chumvi, likakamuliwa, likakaangwa, ni nyama kabisa.

— Nyama ya mnyama gani? Dena akauliza.

— Mnyama mwenye adabu. Hana kelele, hana kwato.

— Nikilikata halitoi damu.

— Na kwani wewe unataka kula au unataka kulipiza kisasi?

Hapo nikaona ni zamu yangu kuutumia uzoefu wa ughaibuni. Nikawaeleza kwamba Bombei kuna maelfu ya watu wasiojua ladha ya nyama, na mpishi mmoja wa bandarini alitutengenezea kababu za dengu ambazo mabaharia waligombania wakitukanana kwa lugha tano. Kombe, ambaye husikiliza kwa jicho moja, akaniuliza dengu zile zilifungwa na nini zisivunjike. Nikasema hapo ndipo nilipokuwa nimeinamia viazi. Kikombe changu kikaenda.

Basi Jaji mwenyewe akazungumza, jambo ambalo hutokea kama mvua ya Januari. Alisema sisi wote tunahangaika na tumbo la mgeni, na tumbo ni kitu chepesi, hujazwa hata kwa muhogo. Kazi ni heshima.

— Firigisi utampa ya nini?

Asiyejua desturi zetu ataona ni jambo dogo. Kwetu mkwe akija, kuku anachinjwa, na ile firigisi hailiwi na mtoto wala haifichwi na mpishi: inawekwa juu ya sahani ya mgeni mkubwa, watu wote wakiona. Mtu anaweza kula kuku watatu nyumbani mwako, kama hakuiona firigisi, atarudi kwao aseme hakupokewa. Na biringani, lilivyoumbwa kwa haraka, halina firigisi.

Ni Thuku aliyetuokoa. Alikwenda gengeni kwake akarudi amekumbatia fenesi bichi kubwa, mikono imejaa utomvu, akaliweka katikati ya benchi. Fenesi bichi, alisema, likichemshwa linachambuka nyuzinyuzi, na mlaji asipoambiwa ataomba kijiti cha meno. Nalo lina kokwa ndani. Kokwa likichemshwa, likamenywa, likakaangwa na pilipili manga, lina ukubwa wa firigisi na linagoma menoni vile vile.

Dena, ambaye mpaka wakati huo alikuwa anatetea riziki yake, aliinuka kama mtu aliyeitwa na jeshi. Alilishika fenesi akalipima kwa mkono, akalipapasa ubavuni, akasema hili ni la kukatwa kwa mtindo wa mbuzi, si wa ng'ombe. Sijawahi kumwona akifanya kazi kwa mapenzi namna ile. Alilitoa mapaja, alilitoa mbavu, kipande kimoja akaniambia kwa heshima kuwa ni sarara, ile minofu laini ya mgongoni, nimwekee mama mkwe.

Toka hapo hatukushikika. Siku zilizofuata hatukuzungumza jingine, na kila aliyefika alifika na nyongeza. Dena alisema paja bila mfupa ni uongo unaoonekana, akachonga muwa mweupe akauchomeka katikati, wenye fundo juu na fundo chini, ukawa mfupa mzuri kuliko ule ulioniponza. Thuku akasema mfupa sawa, lakini mafuta je? Tui zito liachwe lipoe, lipakwe juu ligande. Na Dena, asiyesahau lile neno lake la siku ya kwanza, akamtaka Thuku amletee bitiruti kutoka bara. Akaichemsha, akaimimina juu ya fenesi, na fenesi likatoa damu.

Jioni ya Ijumaa tuliipika sampuli kwenye jiko la Kombe, dele la kahawa limesogezwa pembeni kwa mara ya kwanza tangu nchi ipate uhuru. Kitu kikaiva. Kilinukia. Kilikuwa na paja, mfupa, mafuta na damu, na juu yake, peke yake, imekaa firigisi. Dena alionja akafumba macho. Alisema, kwa sauti ya mtu aliyesalitiwa, kwamba kazini kwake amewahi kuuza nyama isiyofanana na nyama kiasi hicho. Thuku alitaka kulia. Mimi nilijiona tayari ni babu wa wajukuu, wanene, wasiokula nyama.

Hapo ndipo baiskeli iliposimama mbele ya benchi, na juu yake Joram.

Alikuwa ametoka Gongoni kunitafuta, na nyumbani Kadzo alimwelekeza huku. Alimwamkia Kombe shikamoo, Kombe akaitikia marahaba na kumnyooshea kikombe. Joram akashukuru, akasema kahawa pia hanywi. Kombe alibaki ameshika kile kikombe hewani. Katika maisha yake yote amewanyang'anya watu vikombe, lakini hajawahi kukataliwa kimoja, na nilimwona akinitazama kama anayeuliza iwapo Baya hawezi kupata mchumba mwingine.

Sikumpa nafasi ya kusema. Nilichukua sahani, nikaiinua kwa mikono miwili.

— Mkwe, karibu uonje. Hii ndiyo karamu yako ya Jumapili. Ni fenesi tupu, hakuna mnyama hata aliyepita karibu.

Joram aliinama. Aliutazama mfupa. Alitazama damu, na mafuta, halafu akaikazia macho ile firigisi. Akatazama aproni ya Dena.

— Nitajuaje? akauliza.

Ni swali ambalo hata mtoto angelifikiria, na wiki nzima halikuwa limepita benchini petu. Dena aliapa kwa kisu chake, akiwa na damu ya kweli mpaka viwikoni. Thuku akataka kukimbia gengeni alete maganda kama ushahidi, akakumbuka mbuzi wa jirani amekwisha kuyala. Wakanigeukia mimi, nami nikafungua mdomo, nikamkumbuka yule paka, nikaufunga. Kadiri tulivyofanikiwa, ndivyo tulivyojimaliza.

Nilidhani ataondoka, posa imekufa pale pale. Lakini Joram aliiegemeza baiskeli ukutani, akakaa mwisho wa benchi, akavua kofia.

— Mkwe, unajua ni nini kilichonikasirisha siku ile?

— Mfupa.

— Maharagwe. Nilikula sahani nzima nikaomba ya pili. Tangu niokoke sijatia nyama mdomoni, na nilidhani nimeshaisahau. Sasa kila nikija huku mjini nikapita bucha la huyu bwana wa aproni, baiskeli inapunguza mwendo yenyewe. Hata Nyakio, mke wangu, ameanza kuniuliza kwa nini siku hizi narudi kwa njia ile.

Dena aliinua kichwa, uso umemng'aa, akafungua kinywa kumkaribisha. Kombe akamnyang'anya kikombe kabla neno halijatoka.

— Mimi napigana niisahau, Joram akaendelea, na ninyi mmekaa hapa mnanichongea sanamu yake. Mpaka damu mmeitia.

Thuku alikuwa anafuta utomvu mkononi, ule usiofutika. Niliirudisha sahani kando ya jiko taratibu, nikageuza ile firigisi itazame upande mwingine, na nilipopata sauti nikamwuliza kama vijana wetu bado wana bahati. Alisema Hannah anataka kuolewa na Baya, na Baya hana kosa lolote ila baba. Jumapili watakuja, yeye na Nyakio na binti, hilo ndilo alilokuja kuniambia.

— Sasa mkwe, nikasema, tukipika maharagwe matupu, bila firigisi, bila chochote, watu si watasema sikukupokea? Nikupikie nini chenye heshima?

Joram alivaa kofia yake, akapanda baiskeli.

— Maharagwe yale yale ya nazi. Apike mama Baya, na wewe usishike upawa.