Marehemu Mapengo na Nafasi Aliyoiacha Wazi

Ndugu waombolezaji, familia inawashukuru kwa kufika, na inaomba utulivu wakati yanaposomwa maisha ya mpanga herufi ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mapengo.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1950, katika nyumba za wafanyakazi wa reli, akiwa mtoto wa tatu wa fundi cherehani na mfua nguo. Alianza shule Januari 1958, na mwaka 1967 akajiunga na shule ya ufundi, karakana ya uchapaji.

Tarehe 9 Juni 1969, mkuu wa shule alifuta kwa wino mwekundu, katika gazeti la wanafunzi, habari ya kiranja aliyechukuliwa na polisi bwenini, akaamuru mahali pake yawekwe matokeo ya kandanda, lakini marehemu, aliyekuwa na zamu ya kupanga herufi, aliacha nafasi ile nyeupe, upana wa viganja viwili, na gazeti likagombewa, kila mtu akiuliza hapo palikuwa na nini. Polisi walipomhoji alijibu kwa adabu zote, mheshimiwa, nisamehe, hapo mimi sikuandika kitu, jibu lililompeleka rumande miezi saba, na masomo yakaishia hapo. Ndipo wenzake wakamwita Mapengo, ingawa meno yote alikuwa nayo mpaka uzeeni.

Tarehe 3 Aprili 1972 aliajiriwa katika kiwanda cha kuchapa magazeti, akadumu miaka thelathini na mitatu, na hapa hatuna budi kusema kweli, kwani nafasi nyeupe zilikwisha kupigwa marufuku, na pengo la kila habari iliyofutwa aliliziba yeye mwenyewe kwa tangazo la sabuni, kwa kuwa alikuwa na watoto wa kulisha, na jambo hilo lilimkera hata sabuni ile haikuingia nyumbani kwake.

Alifunga ndoa tarehe 20 Desemba 1975 na mshona vitabu wa kiwanda hicho hicho, wakajaliwa watoto wanne na wajukuu tisa.

Januari mwaka huu mjukuu wake wa kwanza, mwanafunzi wa chuo, aliandika mtandaoni habari ya vijana waliopigwa barabarani, na kabla ya adhuhuri ikawa imeondolewa. Babu alivaa miwani, akashika simu, akauliza pengo liko wapi, akajibiwa, babu, huku hakuna pengo, habari za chini zinapanda juu kujaza. Wiki nzima alimuuliza daktari, jirani, hata muuza magazeti, sasa watu watajuaje kwamba kuna kitu kimetolewa, mpaka mjukuu akaanza kubandika mtandaoni kila asubuhi picha nyeupe tupu yenye tarehe, na wenzake wakamwiga kwa mamia.

Moyo ulianza kumsumbua tarehe 12 Februari, akafariki tarehe 19 Machi, saa nne asubuhi, wodi ya wanaume. Ameacha mjane, watoto wanne na wajukuu tisa, wanane wapo hapa, na wa tisa, asiyekuwapo, ni mwanafunzi huyo, ambaye mahali alipo palielezwa katika mistari mitatu iliyofuata, ambayo jana ofisi iliyotoa kibali cha mkusanyiko huu iliifuta, ikatushauri tuunganishe sentensi ili msomaji asikwame. Hatukuziunganisha. Msomaji atanyamaza kwa muda wa mistari mitatu.

…

…

…

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani walioleta viti, na wachapaji wenzake waliobeba jeneza.

Pumzika kwa amani, Mapengo, safari hii hatukuziba.