Watoto wa Mkunya Waliokaa Siku Moja: Mama Arthur Anastaafu

Mabel Yoeli, ambaye wengi wetu tunamwita Mama Arthur, atastaafu Ijumaa, tarehe 28 Novemba, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kazi. Mratibu wa utafiti, Huruma, alitangaza hayo Jumatatu mjini Masasi, akaongeza kuwa hajawahi kupokea taarifa ya Mama Arthur isiyokuwa na swali.

Alianza kama mhudumu katika zahanati moja karibu na Chidya. Miaka ya mwisho amesimamia, upande wa Newala, utafiti ambamo wazazi humwangalia mtoto nyumbani. Siku mtoto anapokaa, kutambaa au kusimama mwenyewe kwa mara ya kwanza, wazazi hututumia ujumbe wa sauti kwa simu.

Ni mtu wa kushuku. Haamini mizani mpaka aijaribu kwa pakiti ya sukari ambayo haijafunguliwa. Dereva wa bodaboda akisema wamefika, yeye huuliza wamefika wapi. Tulimcheka, lakini mizani mbili zilibadilishwa.

Mwaka juzi alikishuku kitongoji kimoja cha Mkunya. Kwa ujumbe wa wazazi, watoto wote wa hapo walikuwa wamekaa siku moja, ileile. Ofisini walikuwapo waliodhani anazitunga habari mwenyewe, na kitongoji kilikaribia kuondolewa kwenye utafiti. Alipokwenda kuwaona watoto, kila nyumba ilimwambia mtoto amelala.

Aliyemweleza ukweli ni Bi Zabibu, bibi wa mmoja wa watoto, tena bila kumpa kiti. Kosa lilikuwa la Mama Arthur. Siku ya kliniki alimsifu hadharani, kwa jina, mtoto wa kwanza kukaa. Wiki hiyohiyo mtoto akashikwa na homa. Kina mama wakaona ni macho ya watu, wakakubaliana kwamba hapatakuwa na wa kwanza tena. Watatoa habari pamoja. Bi Zabibu alimwambia kuwa sindano zake hawaziogopi, wanauogopa mdomo wake.

Mama Arthur hakubishana. Alirudi nyumba kwa nyumba, akamsikiliza kila mama peke yake, na hakumsifu mtoto yeyote. Ndipo mmoja wao, Rahima, akasema, kwa sauti ya chini:

"Shikamoo, Mama Arthur. Wangu hajakaa. Nilisema amekaa kwa kuwa wenzangu walisema."

Mtoto huyo, Mussa, alipelekwa hospitali na akaanzishiwa mazoezi ya viungo. Sasa anasimama kwa kushika stuli. Hajatembea, na wanaomtibu wanahitaji kuambiwa kweli kila anapobadilika. Kwa Rahima, sisi wa ofisini ni wageni. Anamjua Mama Arthur. Ameshauliza mara mbili nani anakuja baada yake, na kama ni mtu wa kusifusifu.

Mama Arthur, asante kwa maswali yako, hata tulipochoka kuyajibu. Tunakuombea afya, wajukuu wa kukusumbua, na mikorosho inayozaa.

Alhamisi, tarehe 27 Novemba, atampeleka Trevor, anayepokea kazi yake, nyumbani kwa Rahima. Rahima amekubali kuwafungulia mlango. Kuzungumza na Trevor, amesema, ataona hiyo siku.