Mihogo ya Lubarika Ilimrudisha Esteri Wangu

Bwana apewe sifa, ndugu zangu! Sifa kutoka kwenu mlioketi mbele, na kutoka kwenu mama mnaonyonyesha kule karibu na mlango! Minye ni Raheli, mama Esteri, wa hapa Mulongwe. Wengi wenu mnanijua kama yule mama asiyekubali unga wa ngano uvuke kizingiti cha jiko lake, na najua mnanicheka kidogo. Chekeni, si vibaya. Lakini leo nitawaambia sababu, na mkishaisikia mtamsifu Mungu pamoja nami.

Nilizaliwa katika nyumba ya wavuvi. Kwetu tulikula bugali wa muhogo na ndagala, dagaa wa ziwa letu, asubuhi tukala kiporo chake, tukashukuru. Kisha nikaolewa na Zakaria, karani wa depo ya pamba, na hapo ndipo mkate ulipoingia maishani mwangu.

Ninyi vijana hamwezi kujua mkate ulikuwa nini enzi za Wabelgiji. Mzungu aliingia dukani kwa mlango wa mbele, akatoka na mkate wa moto. Sisi tulisimama juani kwenye dirisha la pembeni, tukauziwa ule wa jana. Na hata huo wa jana ulikuwa heshima! Mtu mweusi aliyekunywa chai kwa mkate alihesabiwa kuwa ameendelea. Zakaria wangu alikuwa mtu mpole, na alinipenda. Ila kazini aliitwa "boyi" na watu wadogo kwake kwa umri, na jeraha hilo alilitibu kwa mkate. Alikuwa akisema, "Mu nyumba yangu mutoto hatakula asubuhi kama mutu wa kubeba mizigo."

Kisha zikaja siku za kampeni za uhuru. Mheshimiwa mmoja alipanda juu ya meza pale sokoni, akapaza sauti, "Siku ya uhuru, kila mutoto wa Kongo atakula mukate!" Tulipiga vigelegele mpaka koo zikakauka. Uhuru ukaja. Dirisha la pembeni lilifungwa, ni kweli. Lakini kwa mlango wa mbele waliingia wakubwa wapya, nasi tukabaki kule kule nje, juani. Mishahara ikakawia. Kule bondeni, wakulima waliolazimishwa kulima pamba badala ya chakula walisimama mbele ya mzani ule ule, wakadhulumiwa vile vile. Hata hivyo Zakaria hakuacha kumnunulia binti yetu Esteri mkate. Alikosa shati, mkate haukukosekana.

Na Esteri wangu alikuwa anakufa, ndugu zangu.

Nilipomwachisha ziwa alikuwa mtoto mnene, wa kucheka na kila mtu. Alipoanza mkate na chai, tumbo likavimba kama ngoma, mikono ikawa vijiti. Aliharisha kila siku, kinyesi cha harufu mbaya. Nywele zikapauka. Hakucheza, hakucheka, alilalamika tu kama mtu mzima mwenye huzuni. Muganga wa dispensere alisema mtoto amekosa chakula bora, akanipa unga wa ngano wa msaada nimpikie uji. Alitaka kutusaidia, Mungu ambariki! Nikampikia asubuhi na jioni, kwa imani. Na kila kijiko kilizidisha ugonjwa.

Kabla ya Esteri nilikuwa nimemzika kaka yake, mtoto mchanga. Basi maneno yakaanza. Siku moja mtoni, mbele ya wanawake wanaofua, wifi yangu Marta aliweka ndoo chini akaninyooshea kidole.

"Raheli, wa kwanza ulimuzika. Na huyu uko unamukula! Sema unatafuta nini kwa jamaa yetu!"

"Marta, minye siko mulozi! Mutoto huyu nimemubeba mu tumbo langu!"

Wanawake waliinamia nguo zao, wakaendelea kufua. Toka siku hiyo majirani waliwaita watoto wao kila walipoingia uani kwangu. Wazee wa jamaa wakaamua: Esteri akifa, nirudishwe kwa baba yangu. Zakaria alilia, lakini hakuwapinga. Mama mkwe naye, niliyekaa naye nyumba moja, hakusema lolote. Ndugu zangu, kimya chake kiliniuma kuliko kidole cha Marta.

Katika hali hiyo waasi walioipinga serikali mpya wakaingia mjini. Sitawatukana wote. Wengi wao walikuwa vijana wa maskini, wenye hasira ya haki, walioahidiwa mkate nao na wasiuone. Lakini hasira ile ilianza kutafuta tai na viatu. Aliyejua kuandika Kifaransa akawa adui. Mwalimu mmoja wa jirani waliondoka naye, na mke wake hakuonyeshwa hata kaburi. Zakaria alivuka ziwa alfajiri kwenda Burundi, amelala chini ya nyavu katika mtumbwi wa kaka yangu. Nikabaki na mtoto mgonjwa na mama mkwe.

Mama mkwe akasema, "Twende Lubarika, kule bondeni. Kule iko mama mumoja alikuwa ananiuzia muhogo mu soko. Jina lake Kristina."

Tulitembea na umati wa watu, nikiwa nimembeba Esteri mgongoni. Alikuwa mwepesi mno. Mara kwa mara niligeuza shingo kusikia kama bado anapumua. Tulipofika, Mama Kristina alitoka mlangoni, mama wa Kirundi mwenye rozari shingoni. Alimtambua mama mkwe. Kisha akanitazama mimi.

"Huyu ni muke wa nani?"

"Wa mwanangu Zakaria," mama mkwe akajibu. "Alikuwa karani kwa depo ya pamba."

Uso wa yule mama ukabadilika. "Minye namujua Zakaria. Mabwana wa pamba walimupiga bwana yangu Baltazari fimbo, juu ya kupanda muhogo katikati ya pamba yao. Batoto wetu walikuwa na njaa, ndiyo sababu alipanda. Siku ile, Zakaria ndiye alikuwa anaita majina ya watu wa kupigwa."

 Sikuwa nimewahi kulisikia jambo hilo. Nikageuka kuondoka. Hapo Esteri akalia mgongoni mwangu, kilio kidogo kama cha paka. Mama Kristina akamsogelea, akamgusa shavu.

"Mwana wanje," akasema kwa lugha yake, yaani mwanangu. "Mutoto hana kosa. Ingieni."

Na Baltazari, mwenye makovu mgongoni, aliinuka akatupatia mkeka wake mwenyewe. Haleluya! Ndugu zangu, hapo ndipo nilipoona Injili ikitembea kwa miguu!

Kule hatukuwa na mkate, wala chai, wala uji wa msaada. Tulikula walichokula wao: bugali wa muhogo, viazi vitamu, maharage, mchicha wa lenga-lenga, uji wa mtama, na ndagala wakavu wachache walipopatikana. Siku nyingine tulilala na njaa. Risasi zilisikika ng'ambo ya mashamba. Siku moja nilimlaza Esteri kwenye kivuli cha mihogo, nikapiga magoti kwenye udongo. Nikasema, "Bwana, nimechoka. Huyu ni wako. Lakini usiniache nikaitwa muuaji wa mtoto wangu." Hakukuwa na ngurumo wala sauti. Niliinuka nikaendelea kulima.

Kisha siku moja tulikuwa tunakula, nikasikia mtu ananivuta kitenge. "Mama, nipe tena."

Nilifikiri sikusikia vizuri. Akanyoosha kabakuli kake. "Tena, mama!"

Mtoto ambaye niliwahi kumbembeleza kwa kila tonge! Toka siku hiyo alikula. Kuhara kukakoma. Tumbo likashuka pole pole, mashavu yakajaa, nywele zikaanza kuwa nyeusi kwenye mizizi. Alasiri moja nilimkuta anamkimbiza kuku wa Mama Kristina huku anapiga kelele za furaha. Nikakaa chini nikalia kwa sauti.

Mama mkwe akaja akakaa kando yangu. "Raheli, kama weye ndiye ulikuwa unamukula, mbona anapona na uko naye kutwa nzima?" Akanishika mkono. "Nilijua hauko mulozi. Niliogopa watu, nikanyamaza. Unisamehe, mwanangu." Nikamsamehe pale pale. Moyo wangu ukawa mwepesi kama mtu aliyetua kuni.

Vita vilipopungua kwetu tulirudi Mulongwe. Zakaria naye akavuka ziwa, amekonda, na chini ya koti lake alificha zawadi: mkate! Akamkumbatia binti yake, akaumega mwenyewe, akamlisha kwa mkono wake. Sote tulicheka kwa furaha. Akaununua tena, na tena. Na kabla ya wiki kwisha Esteri alikuwa amelala mlangoni, tumbo limevimba, hataki kuguswa.

Marta akaja mbio kutoka mtaa wa Nyamianda. "Munaona? Amerudi mu nyumba ya mama yake, na ugonjwa imerudi!"

Lakini safari hii sikulia. Nilisimama jikoni nikamwuliza Bwana, "Nionyeshe." Nikaanza kufikiri. Mikono yangu ni ile ile. Muhogo ni ule ule. Ndagala ni wale wale. Kitu gani kimeingia nyumba hii ambacho Lubarika hakikuwepo? Nikageuza macho, nikauona mkate mezani.

Zakaria hakutaka kusikia. "Raheli, wazungu wanakula mukate kila siku, na wananenepa!"

"Acha wale, ni chakula chao na kiko kizuri. Tumbo la Esteri inakikataa."

"Unataka mutoto wangu akue kama mushenzi, na muhogo tu?"

"Nataka akue, Zakaria. Basi."

 Mama mkwe akainuka, akauchukua ule mkate mezani, akampa Marta mikononi. "Pelekea batoto wako, wao unawafaa. Na kinywa chako ukifunge. Minye nilikuwa Lubarika. Niliona kwa macho yangu mutoto huyu anapona mu mikono ya mama yake. Raheli si mulozi. Aliyesema uongo ni sisi."

Mume wangu alikaa chini akafunika uso. Akasema, "Nilifikiri ninamupa kitu kizuri." Nikamwambia najua. Nilijua kweli. Baba yule alijinyima kila kitu ili binti yake asidharauliwe kama alivyodharauliwa yeye!

Mkate ukaondoka, afya ikarudi. Marta alikaa mbali muda. Kisha asubuhi moja alikuja na fungu la sombe, majani ya muhogo, akachukua mchi wangu, akaanza kutwanga pamoja nami.  Nilimpisha kinu.

Jambo moja lilibaki. Nilimwambia Zakaria ni muhogo wa nani uliomponya mtoto wake. Hakulala vizuri siku nyingi. Mwisho akasema twende, tukaenda wote. Tulimkuta Baltazari shambani. Zakaria alivua kofia.

"Baba, siku ile niliita jina lako."

"Nilikusikia," Baltazari akasema. "Uliisoma vizuri."

Machozi yakamtoka Zakaria. Ndipo Esteri akaja anakimbia kati ya mihogo, anamwita yule mzee babu. Baltazari akamwinua juu, akampima uzito kwa mikono, akacheka mpaka akakohoa. "Kumbe muhogo walionipigia ndio huu! Umenenepa hivi!" Akamgeukia mume wangu. "Kama umekuja kuomba musamaha, jembe iko pale. Tupande mwingine."

Zakaria akavua viatu. Walilima mpaka jua likashuka.

Ndugu zangu, jikoni kwangu hakuna siri. Naloweka muhogo, nauanika, nautwanga, naupepeta. Asubuhi Esteri alikula uji wa mtama au wa ulezi, au kiazi kitamu cha jana. Maandazi yake nilikanda kwa unga wa muhogo na ndizi mbivu, na mafuta yaliyokaanga ngano sikuyatumia kwake. Kinu chake hakikuonja ngano. Miaka mingi baadaye daktari mmoja kule Bujumbura alituambia kuwa ugonjwa huo wa tumbo kukataa ngano upo, hata wazungu wanaugua, na dawa yake ni hiyo hiyo tuliyokuwa tunapika. Hata mezani pa Bwana, mchungaji wetu humega kipande cha muhogo kwa ajili yake. Esteri leo ni mama, mnamwona pale na wanawe. Simama, mwanangu, wakuone!

Watu wameniuliza, "Mama Raheli, je, Mungu alileta vita ili mtoto wako apone?" Hapana! Vita vilimeza watoto wa wengine, watoto wazuri kama wangu, na minye siwezi kuimba juu ya makaburi yao. Vita viliwashwa na watu, kwa dhuluma ya watu. Mungu nilimkuta kwingine: katika mlango uliofunguliwa na mama aliyekuwa na haki ya kuufunga.

Basi namshukuru Bwana, nawashukuru na ninyi kwa kunisikiliza. Na weye mama uliyekaa na mtoto anayekonda, unayesemwa mtoni na sokoni, usimwache mtoto, na usikubali jina wanalokupa. Mtegemee Yesu, anakujua. Ukitoka hapa, njoo kwangu, nyumba yangu iko karibu na daraja. Mlete mtoto. Tutaomba pamoja, halafu tutaketi tumwangalie anakula nini.