Uso wa Angetile Kwenye Vyungu

Kijiwe cha Mwaya kilikuwa gogo moja la mvule nyuma ya banda la mizigo, pale ufukweni mitumbwi ya Wakisi, watu wa kufinyanga, inapofikia kushusha vyungu, na lilikuwa limekaliwa mpaka likang'aa. Kahawa ilikuwa ya Hezroni. Huyu alipata kumpikia mchungaji wa Kijerumani, akatoka huko na birika la bati na ujuzi wa kukaanga buni, na tangu siku hiyo akajiona msomi. Alikuwapo Lutengano, aliyeitwa Hakimu kwa sababu aliwahi kumbebea hakimu wa boma kiti chake kutoka ziwani mpaka milimani. Alikuwapo na Yohana, aliyeitwa Simu kwa kuwa habari humfikia kabla haijatokea. Asubuhi hiyo wote watatu walibanana upande mmoja wa gogo, maana upande wa pili alikaa Nsajigwa wa Ndandalo na rungu mapajani, na hakuna aliyetamani ujirani huo.

Nsajigwa alikuwa anasubiri mtumbwi kutoka Ikombe, kijiji cha Wakisi. Alikuwa amekwisha kutangaza, bila kupaza sauti, kwamba kila chungu chenye uso kitakachoshushwa leo atakipasua.

Sababu yake waliijua. Mwaka juzi alipita Bibi Elizabeth, yule Mjerumani mwenye sanduku la picha lenye miguu mitatu, linaloshika picha kwenye kioo. Sifa zake zilitangulia: amewapiga picha watawala na wake zao, na kwao Ulaya watu hupanga mstari kwenda kutazama kazi yake. Akafika Ndandalo, akamwomba Nsajigwa binti yake, Angetile, akae mlangoni mwanga umwangukie shavu moja, kidevu akigeuze pembeni, macho ayapeleke mbali. Picha hiyo ikamzidishia Bibi umaarufu, na nakala yake kubwa ikaja kutundikwa ukutani shuleni Ipinda. Masika yaliyofuata homa ikamchukua Angetile. Hakupata kuiona.

Mzee angevumilia picha. Lakini Bibi Elizabeth, kabla hajaondoka, alikaa mwezi mzima kwa wafinyanzi wa Ikombe, akawaonyesha kivuli kinavyolala kando ya pua, shavu linavyoshika mwanga. Wanawake wale mikono yao ina akili. Alipopanda meli, wao walibaki na nakala ndogo ya picha ya Angetile, wakaanza kuufinyanga uso wake kwenye matumbo ya vyungu, na mwaka haukwisha chungu kisicho na uso kikaonekana cha kizamani.

Sasa, chungu cha Kikisi hununuliwa kwa kujazwa. Unakijaza maharage au mpunga mpaka mdomoni, chakula kinakwenda kwa mfinyanzi na chungu kinabaki kwako. Uso ukitokeza nje, mashavu nayo yanataka kujazwa. Juzi sokoni Ipinda Nsajigwa alimkuta mwuzaji akisukumia maharage kwa kidole ndani ya mashavu ya Angetile, na mnunuzi akilalamika kwamba mashavu hayo yeye hayahitaji, yapunguzwe. Alikipasua chungu hicho palepale, maharage yakatapakaa, na watu wakamwona amerukwa na akili.

— Mke wa jirani yangu anacho kimoja, alisema Nsajigwa. Kila jioni anamweka mwanangu motoni. Anampakia ndizi kichwani, anachochea kuni kidevuni. Halafu ananikaribisha nile.

Hezroni akazungusha birika. Wa kwanza kujibu alikuwa Hakimu.

— Kisheria uso huo si wako, mzee mwenzangu. Ulikuwa wa binti. Binti, Mungu amrehemu, akaukabidhi kwa Bibi Elizabeth akiwa na akili zake timamu. Sasa ni mali ya Bibi. Ukivunja chungu umemvunjia Mzungu, na hiyo ni hamsa ishirini za kiboko, ishirini na tano kamili, mbele ya watu.

— Sheria hiyo umeisoma wapi? alisema Nsajigwa.

— Nilibeba kiti.

Hakimu hakuishia hapo. Alieleza kwamba hata wafinyanzi ni wezi, kwamba Bibi akirudi atawashtaki kijiji kizima, na hata anayekula ndizi zilizopikwa kwenye chungu hicho ana kesi ya kupokea mali ya wizi. Yohana Simu hakupenda kupitwa. Alisema wafinyanzi wanaonewa bure, kwani hawaigi kwa kupenda. Yule mchonga vigoda wa Makwale, asiyejua kitu zaidi ya vigoda, ameanza kuchonga vichwa vya fimbo, na vyote vimegeuza kidevu pembeni. Msuka mikeka wa Ipinda ameacha pembe nne, anasuka shavu. Waimbaji kanisani wanaimba wakitazama dirishani.

— Mnadhani ni bahati tu? alisema Simu. Bibi alikuwa akisafisha vioo vyake ziwani. Nyuso zikamwagika. Udongo wa kufinyanga unatoka wapi? Ufukweni. Wanachota uso wa Angetile wenyewe hawajui.

Hezroni akasema hayo yote ni madogo. Alivyosikia yeye kutoka jikoni kwa mchungaji, siku si nyingi akida atapita nyumba hadi nyumba kuhesabu vichwa vya kodi, na chungu chenye macho na pua kitahesabiwa. Mwenye vyungu sita atalipia watu sita, na akikosa, vyungu vitapelekwa kujenga barabara.

Simu akacheka. Hakimu naye akaanza kucheka, kisha akaona uso wa Nsajigwa.

— Mlikuja msibani kwangu, alisema Nsajigwa. Siku tatu mmelala kwenye majani ya migomba uani kwangu. Wewe Hezroni ulilia mpaka watu wakakushika. Leo mnakaa hapa mnamgawana mtoto, huyu anampa Mzungu, huyu anamtupa ziwani, wewe unamlipisha kodi. Basi na mimi nitawaonyesha mwenye mtoto ni nani.

Hapo mtumbwi ukaanza kuingia. Vyungu vilipangwa ndani matabaka kwa matabaka, vimefungiwa nyasi, na kati ya nyasi Angetile alitazama pembeni mara ishirini, thelathini. Nsajigwa akasimama. Wapiga kasia walipoliona rungu wakaacha kushusha. Hakimu alinong'ona kwamba aitwe askari, ila hakusema nani akamwite, na yeye mwenyewe hakuinuka.

Aliyeshuka kwanza alikuwa mwanamke. Hilo lenyewe lilikuwa jambo, maana wanawake wa Kikisi hufinyanga na waume zao ndio husafirisha. Alibeba donge la udongo mbichi ndani ya jani la mgomba. Alikuja moja kwa moja kijiweni, akapiga magoti kando kidogo kama inavyompasa mwanamke mbele ya wazee, macho chini.

— Ugonile, tata, alisalimu kama binti kwa baba. Mimi ni Rut, wa Ikombe. Namtafuta baba yake Angetile.

— Umempata.

— Habari imetufikia kwamba ulipasua chungu chetu sokoni. Wenzangu wamekasirika. Mimi nikawaambia msikasirike, hata sisi chungu kikitushinda tunakipasua wenyewe. Baba mtu amekipasua kwa sababu hatujampata mwanawe kwenye udongo.

Rungu lilikuwa bado mkononi mwa Nsajigwa.

— Na ni kweli hatujampata, tata. Mimi sikuwahi kumwona. Tunaiga ile picha, halafu tunaigana. Lakini watu wa Ndandalo wote wanatuambia alikuwa mtu wa kucheka, na kwenye picha kafunga mdomo. Nimekuja nimfinyange hapa mbele yako, uniambie.

Akalifungua jani. Udongo ulikuwa umekwisha kupata paji la uso, pua na macho. Chini ya pua palikuwa patupu, pamelainishwa tu.

— Akicheka, alikuwaje?

Nsajigwa alifungua kinywa amjibu. Lilikuwa jambo dogo kwa mzazi, la kujibiwa hata usingizini. Akamwona Angetile shambani akifukuza ndege kwenye mpunga, akamngoja acheke, naye akageuza kidevu pembeni akatazama mbali. Akamtafuta jikoni kwa mama yake. Akamtafuta akiwa mtoto wa kutambaa. Kila alipomkuta alikuwa amekaa mlangoni, mwanga kwenye shavu moja, mdomo umefungwa. Hofu ikamshika ambayo hakuipata hata siku ya kuzika.

Akawageukia wenzake, kama anayeomba. Hakimu alitazama ndani ya kikombe chake. Simu alianza kusema meno ya mbele, yale ya mbele, kisha akanyamaza. Kwa mara ya kwanza habari ilikuwa haijamfikia. Hezroni, aliyelia msibani mpaka akashikwa, alisema tu kwamba alikuwa anacheka sana, sana kabisa, na zaidi ya hapo hakuwa na kitu.

— Alicheka kwenye kioo cha kwanza cha picha, alisema Nsajigwa mwishowe. Kikaharibika. Bibi akaweka kingine, akacheka tena. Kikabaki kioo kimoja, na Bibi amenuna.

Ile hasira aliyotoka nayo Ndandalo alfajiri ilikuwa palepale, ila sasa ilimtazama yeye.

— Mimi ndiye niliyemkaripia. Nilimwambia afunge mdomo.

Rut hakuinua macho. Alibaki amepiga magoti, kidole gumba kimetulia juu ya udongo pale mdomo unapotakiwa kuanzia, akisubiri aambiwe.