Dokta Mujuni na Kipimo cha Maamkizi

Jumamosi hii, tarehe 30 Juni 1984, Dokta Clavery Mujuni anastaafu baada ya kuitumikia hospitali yetu kwa miaka ishirini na minne. Kamati ya sherehe imeniomba niandike wasifu wake mfupi, na imenisihi niwe mchangamfu. Nitajitahidi. Tumemtengenezea kiti cha mvule chenye mito, ingawa hakuna kati yetu aliyewahi kumwona ametulia kitini.

Alizaliwa Kashozi, akasoma kwa mapadri, akaenda Makerere, na mwaka mmoja kabla ya Uhuru akaripoti kazini Bukoba akiwa na sanduku moja na sigara mdomoni. Chai alikunywa amesimama. Ripoti za wodi alizisikiliza akitembea, nasi wauguzi tukimfuata nyuma kama vifaranga. Sigara aliziacha mwaka 1969, na kwa miezi kadhaa sisi ndio tuliokiona cha moto.

Aliziacha kwa sababu ya picha za vifua. Wagonjwa waliletwa wakikohoa damu, wametibiwa kifua kikuu bila nafuu, kumbe ni saratani ya mapafu. Hapa hatukuwa na mashine ya mionzi. Mgonjwa alipaswa kupanda meli hadi Kisumu, kisha treni hadi Nairobi, akae huko wiki sita akipigwa mionzi. Wengi walikataa katakata. Mhaya anataka kuzikwa kwenye kibanja chake, penye migomba ya baba yake, na wiki sita zinatosha mtu kufia ugenini.

Hapo ndipo utafiti wake ulipoanzia. Kwa wale ambao ugonjwa ulikwisha kuenea, na hakuna aliyetarajia wapone, aliuliza kama mionzi ya mara mbili tu isingewapa pumzi sawa na ile ya wiki sita. Wenzake wa Nairobi walikubali. Wagonjwa wakaelezwa, na walioridhia wakagawanywa kwa kura, hawa mara mbili, wale wiki sita. Kule walipigwa mionzi. Huku nyumbani, Bukoba na Muleba, Dokta aliwafuatilia kwa pikipiki, mvua isimzuie wala tope.

Pamoja na picha, alikuwa na kipimo chake cha pumzi, nacho ni maamkizi. Wageni walicheka. Sisi hatukucheka, kwa sababu tunayajua maamkizi ya Kihaya: habari za wazee, za watoto, za migomba, za ng'ombe, na kila jibu na "waitu" yake, neno letu la heshima. Mwenye pafu bovu hayafikishi mwisho. Anakatiza katikati, anashika mlango, anajifanya kuna kitu anakiangalia.

Mwaka 1974 wagonjwa wake kadhaa wa Muleba walihamia vijiji vya ujamaa, naye akakosa usingizi. Alizunguka kijiji hadi kijiji akiwaulizia. Mzee Rutashobya, aliyepigwa mionzi mara mbili tu, Dokta alimkuta kwenye shamba la kijiji, jembe mkononi. Akamwamkia. Mzee alivyofurahi kutembelewa, alijibu yote, kisha akaanza upya: wajomba wa Dokta, kahawa ya Kashozi, afya ya paroko. Aliyetafuta pa kuegemea kwanza alikuwa Dokta. Hadithi hiyo aliisimulia mwenyewe, na kila mara alicheka kuliko sisi.

Tusidanganyane, wagonjwa wale karibu wote wamekufa, Rutashobya akiwa mmoja wao. Lakini waliopigwa mara mbili walipumua vizuri kama wenzao, walirudi mapema, na walifia kwao wakiwa wameagana na watu. Mpaka wa Kenya ulipofungwa mwaka 1977, Dokta alihangaika kama kuku anayetaka kutaga, akiandika huku na huku kutafuta njia nyingine ya kuwasafirisha. Leo anayepelekwa Dar es Salaam kupigwa mionzi hiyo ya mara mbili anajua kwamba atarudi.

Hapa uchangamfu unaniishia, Kamati inisamehe. Tangu Pasaka Dokta anakohoa. Anasema ni vumbi. Wiki iliyopita, pale nyumbani kwetu Kibeta, alimwamkia mama yangu, Mama Klaudia. Alifika kwenye habari za migomba, akanyamaza, akashika mbuni na kuanza kuzichunguza kahawa ambazo hazikuwa na kasoro yoyote. Nilikuwa nyuma yake. Tangu siku hiyo sina raha.

Dokta, umetufundisha mwenyewe kusikiliza, basi usitukasirikie kwa kuwa tumesikia. Jumatatu asubuhi Kashaija, mpiga picha wetu wa vifua, atakuwa kwenye chumba cha picha, akikusubiri wewe kabla ya mtu mwingine yeyote. Njoo kwa miguu yako, la sivyo tutakufuata Kashozi na kukubeba na kiti chako.

Asante kwa pumzi ulizowarudishia watu wetu. Tunakuombea uzee mrefu, wenye wageni wengi mlangoni. Tutakuja kukuamkia, waitu, na tunataka utujibu mpaka mwisho.

Jovita Kokwijuka
Muuguzi, Wodi ya Kifua